Mapenzi ya marubani wa ndege za kivita, 1940 hadi 1943: tupeane tunayoyajua

Mleta mada: Kila hadithi ya marubani wa Vita vya Pili lazima iwe na skafu ya hariri aliyopewa rubani na mchumba. Wajuzi, mapenzi na mapigano yalikutana wapi hasa? Skafu yenyewe ilikuwa ya kuzuia michubuko. Shingo inageuka muda wote kuangalia nyuma, na kola ngumu inakwaruza mpaka damu.

Mchangiaji 2: Halafu rubani akiangukia baharini, kola ikilowa inabana koo. Wengi waliacha tai kabisa.

Mchangiaji 3: Yalikutana kwenye meza ya ramani. Wasichana wa WAAF, kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la Uingereza, walisogeza alama za ndege kwa vijiti virefu. Saa ya ukutani ilikuwa na vipande vyekundu, vya njano na vya bluu, kila kimoja dakika 5, na alama ilichukua rangi ya dakika taarifa ilipoingia. Ukichelewa kuibadilisha, anayeongoza marubani anawapeleka mahali ambapo adui keshaondoka. Kwa hiyo mkono hausimami.

Tarehe 11 Novemba 1940 Edith Heap, mmoja wa wasichana hao, alikuwa kazini Debden, kituo cha jeshi la anga Uingereza, sauti za marubani zikisikika chumbani. Mchumba wake, Denis Wissler wa Skwadroni ya 17, miaka 20, alikuwa juu na ndege ya kivita aina ya Hurricane. Ikasikika kwamba Blue Four, jina la rubani la redioni, anaangukia baharini. Redioni hawatajani majina, lakini yeye alijua Blue Four ni nani. Mwili haukupatikana.

Mchangiaji 4: Jamani. Huku kijiti kiko mkononi.

Mchangiaji 5: Waliorudi wameungua je? Hurricane ilikuwa na tangi la akiba mbele ya rubani. Likitobolewa, moto unakuja usoni.

Mchangiaji 6: Usiisingizie Hurricane peke yake. Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, ilibeba petroli yote mbele ya rubani, galoni 85, karibu lita 386.

Mchangiaji 5: Sijasema Spitfire ilikuwa salama! Hurricane ilikuwa na matangi ya mabawani pia, pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Moto unaingia kutokea ubavuni.

Mchangiaji 7: Anayeandika riwaya amvalishe rubani wake glavu na miwani. Hospitalini East Grinstead, Uingereza, daktari McIndoe, aliyetibu marubani walioungua, aliachana na dawa ya tanini iliyokausha ngozi na kukunja vidole, akawalaza kwenye maji ya chumvi. Kope zilitengenezwa mapema, maana jicho lisilofumba linapofuka. Wodini kulikuwa na pipa la bia, na mjini watu walizoea nyuso zile bila kukodoa macho. Baadhi walioa wauguzi wao.

Mchangiaji 8: Sawa, ila glavu nene zinakunyima kuhisi usukani, ndiyo maana wengine walizivua. Mvalishe za hariri ndani, za ngozi juu.

Mchangiaji 9: Upande wa Urusi wapenzi wote wawili waliruka. Aleksei Solomatin alianguka tarehe 21 Mei 1943, si mapiganoni. Lidia Litvyak, na ndege yake ya kivita Yak-1, hakurudi tarehe 1 Agosti, akiwa na miaka 21.

Mchangiaji 6: Litvyak aliangusha ndege 12 kweli? Hesabu zinapingana.

Mchangiaji 9: Hilo lifungulieni uzi wake. Mimi nahesabu siku 72 alizoendelea kupanda ndege baada ya Solomatin.