Samansi aliachiwa mlinzi, hukumu ya upande mmoja imetoka: naanzia wapi?

mpangaji_kasarani
Wadau, dalali wa mahakama ameandika vitu vya nyumbani ili avipige mnada na kuacha notisi ya siku saba. Kumbe kuna kesi ya deni mahakama ya Milimani, Nairobi, na hukumu ilitolewa kwa kuwa sikujibu. Wanasema samansi aliachiwa mlinzi wa geti. Nikate rufaa?

sheria_kwa_wote
Pole sana. Hapa si rufaa. Ombi hupelekwa mahakama ile ile iliyotoa hukumu, chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010.

Kabla hujaandika lolote, pata faili na usome hati ya kiapo ya mpeleka samansi. Agizo la 5, kanuni ya 15, linamtaka aeleze saa na namna alivyokabidhi, pamoja na jina na anwani ya aliyemtambulisha mdaiwa, kama yupo. Alikuja mara ngapi? Nani alimwonyesha nyumba? Kanuni ya 12 inaruhusu apokee wakala uliyemruhusu, au mtu mzima wa familia anayeishi nawe, tena baada ya wewe kutafutwa na kukosekana. Mlinzi wa ploti hayumo.

wakili_wa_jioni
Wengi huangukia hapa: wanaapa "sikujua kuna kesi" na kuishia hapo. Hakimu ana kiapo chenye tarehe na saa. Kukana kwa jumla hakukitikisi. Kijibu aya kwa aya, ambatisha ushahidi wa mahali ulipokuwa saa hiyo, na uombe mpeleka samansi aitwe kuhojiwa chini ya kanuni ya 16.

Ombi liende na hati ya dharura, uombe utekelezaji usimamishwe kwanza. Kuwasilisha tu hakumzuii dalali. Kinachomzuia ni amri. Ikitoka, mfikishie yeye na wakili wa mdai siku hiyo hiyo.

mpangaji_kasarani
Asanteni. Sehemu ya deni nilishalipa. Niseme? Na wakidai walituma pia WhatsApp?

sheria_kwa_wote
Sema, na uambatishe rasimu ya utetezi na taarifa za M-Pesa. Katika James Kanyiita Nderitu dhidi ya Marios Philotas Ghikas (2016), Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mdaiwa asipokabidhiwa samansi ipasavyo, hukumu hufutwa kama haki yake, bila kupima utetezi. Lakini hakimu akiona samansi ilifika, inabaki hiari yake: atataka utetezi wenye hoja na sababu ya kuchelewa, na anaweza kukuwekea masharti, kwa mfano kuweka pesa mahakamani. Ukienda bila rasimu, huna pa kushika.

WhatsApp inakubalika kwa kanuni ya 22C ya Agizo la 5, ila iwe nambari yako ya mwisho inayojulikana na kutumika, na wawe na uthibitisho kwamba ujumbe ulifika. Kagua picha ya skrini waliyoambatisha: nambari ni ya nani, na ni samansi yenyewe iliyotumwa au barua ya kudai deni tu?