Mjadala: Tuunguze mfupa bila kujua joto lake?

Wadau, hebu tulijadili hili waziwazi. Saratani ikisambaa hadi mifupani huleta maumivu makali. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha tiba ya kuunguza sehemu hiyo kwa mawimbi makali ya sauti, mgonjwa akiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Sifa yake kubwa ni kwamba daktari huliona joto likipanda palepale kwenye skrini. Nauliza: joto la nini?

MRI husoma joto kupitia maji ya mwilini. Kila nyuzi moja ikiongezeka, masafa (kasi ya mtetemo) ya ishara ya maji hushuka takriban sehemu moja kwa milioni mia. Kwenye msuli, sawa. Kwenye mafuta njia hiyo inagoma, na uboho wa mtu mzima una mafuta tele. Gamba gumu la mfupa ndiyo kabisa: maji kidogo, na ishara yake hufifia kabla ya milisekunde moja, wakati upigaji wa kawaida haujaanza hata kuipokea. Mfupa unabaki mweusi kwenye picha. Daktari anatazama msuli wa jirani, anakisia. Na mfupa ndio unaofyonza mawimbi hayo zaidi ya msuli! Tangu 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson walionyesha kwamba mfupa wa sungura hudhurika kwa nyuzi 47 kwa dakika moja tu.

Mchangiaji: Mtu halali kwa maumivu, mionzi imeshindwa, umwambie asubiri? Katika jaribio lililochapishwa 2014, asilimia 64 walipata nafuu, dhidi ya 20 waliopewa tiba ya kuigiza. Kinacholengwa ni neva za utando wa juu ya mfupa. Msuli wa jirani unatosha.

Mleta mada: Kwa mgonjwa huyo nakubali, atibiwe leo. Ila tiba hiyohiyo hutumika pia kwa osteoidi osteoma, uvimbe mdogo usio saratani unaowapata zaidi vijana. Huyo ana miaka mingi ya kuutegemea mguu wake, kwa hiyo kukisia hakutoshi. Ipo mbinu ya kunasa ishara ya mfupa ndani ya makumi ya mikrosekunde na kukadiria joto kwa namna nyingine. Bado ni ya polepole na vipimo vyake vinayumbayumba, lakini ndiyo ingepewa fedha kwanza. Kwa sasa, kijana na mzazi wake waambiwe kabla ya kusaini kwamba joto la mfupa wenyewe halionekani. Mlio kwenye radiolojia, fomu zenu za ridhaa zinalitaja hilo?