Vifaranga wiki ya kwanza hapa Mombasa: tupeane uzoefu

Banda la Bombolulu
Usiku stima ikipotea mtaani, cha kwanza kinachonijia akilini ni banda fulani mahali ambapo vifaranga wanalaliana. Uzi huu ni wa wiki ya kwanza tu, kuanzia sanduku linaposhuka kwenye basi la usiku. Bei za mayai zina pahali pake. Na tafadhali tupeane vipimo, si "weka joto la kutosha".

Dada wa Utange
Linaloponza watu huku ni lile neno "Mombasa joto tele, taa ya nini?" Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 33 hivi, zikipimwa usawa wa mgongo wake, si usawa wa pua yako. Usiku wa Julai, upepo wa kusi na manyunyu, nje ni nyuzi 22 au 23. Hesabu mwenyewe. Kila wiki unapunguza nyuzi 3 hivi, na wakishaota manyoya taa unaitoa.

Mwinyi Likoni
Kweli. Ila kaskazi mambo hugeuka. Januari saa nane mchana bati limewaka, na mtu bado ameacha taa kwa kuwa kitabu kimesema. Vifaranga wametandaza mabawa, midomo wazi. Zima, fungua madirisha, washa tena jua likitua.

Dada wa Utange
Ndiyo maana kipimajoto peke yake hakitoshi, watazame wenyewe. Wakikusanyika chini ya taa, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni, ni joto. Wakibanana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili, tafuta tundu. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, usiguse kitu.

Changamwe Broila
Hiyo ya kulaliana watu wanaitaja kijuujuu, na usiku wake una mpangilio. Taa inazimika. Mwanzo kimya, joto la maranda bado lipo. Kisha wa pembeni wanaanza mlio mrefu, mkali, si ule wa kawaida wa kuparurana. Wanasukuma kuelekea kati, au kwenye kona kama banda lina kona, na kona ndiyo kaburi. Anayefika mwisho anapanda juu. Aliye chini hafi kwa baridi, anakosa hewa, na ukimtoa amelowa kana kwamba amemwagiwa maji. Asubuhi unaokota waliokufa unadhani yamekwisha. Hayajaisha. Waliobaki baridi imewaingia. Kile kiini cha yai kilichobaki tumboni hakifyonzwi vizuri, kinaoza, kitovu kinakuwa kibichi na tumbo linavimba. Siku ya tatu hadi ya tano wanakufa mmoja mmoja, na mwenyewe anapiga simu kumtukana aliyemuuzia.
Dawa yake ni kabla ya usiku. Zungusha hadibodi yenye kimo cha sentimita 45 iwe duara. Kipenyo cha mita 2 kinatosha vifaranga 150 kwa siku za mwanzo, halafu unapanua. Gunia kavu liwe karibu, la kufunika nusu ya juu, si duara zima. Na weka tayari madumu mawili ya lita 5: stima ikienda unayajaza maji moto, unayafunga gunia, unayalaza kati. Wataegemea hapo.

Kijana wa Mtopanga
Madumu! Hii naiiba.

Mama Mshomoroni
Madumu ya nini wanangu, jiko lipo. Makaa ya debe moja usiku kucha, na tokeni za stima haziishi.

Kijana wa Mtopanga
Mama, kwa heshima, jiko limeua kuliko baridi. Mtu anafunga turubai banda zima joto lisitoke, asubuhi wote wamelala chali, hakuna hata aliyelaliwa.

Mama Mshomoroni
Hao wanaingiza jiko linalotoa moshi. Si kosa la jiko.

Dada wa Utange
Kinachoua si moshi, mamangu. Ile hewa ya makaa haina rangi wala harufu. Jiko linawashwa nje mpaka makaa yawe mekundu yote, unafunika na jivu, unaweka juu ya matofali na wavu kulizunguka, chungu kikubwa kikifunika ili joto litawanyike. Halafu sehemu ya juu karibu na paa ibaki wazi pande mbili. Asiyetaka kuacha wazi asitumie jiko.

Mama Mshomoroni
Ndivyo tufanyavyo. Nilisema nini mimi?

Fundi Makuti
Mnabishana jiko, na kunguru je? Hamjaona kunguru wa Kongowea wakifanya kazi. Mama kuku ametoka na vifaranga kumi, mchana kweupe. Kunguru mmoja anatua nyuma yake, anamvuta mkia. Mama anageuka kwa hasira, wa pili anashuka mbele ananyakua. Mama anarudi, wa kwanza anavuta tena. Hawana haraka. Ikifika adhuhuri kuku anazunguka peke yake.

Mwinyi Likoni
Hao si ndege, hao ni kampuni.

Changamwe Broila
Kunguru hawa hata si wenyeji. Asili yao Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890, wakafika Mombasa baadaye. Leo hata ndege wengine wa mji wamepungua kwa sababu yao.

Kijana wa Mtopanga
Mning'inize mmoja aliyekufa, wenzake hawarudi.

Fundi Makuti
Wanarudi. Wanapiga kelele siku mbili, kisha wanazoea. Nyavu kuukuu za wavuvi ndizo zinazosaidia. Zitandaze juu ya ua wote, tundu dogo kuliko ngumi ya mtoto, na ukingo ufike chini.

Banda la Bombolulu
Jamani, wiki ya kwanza. Wa ndani. Turudi kwenye maji, maana hakuna aliyeyagusa.

Mwinyi Likoni
Maji ya visima vyetu ni ya chumvi. Mtu mzima anavumilia. Kifaranga figo zake hazijakomaa na chakula cha dukani tayari kina chumvi. Anakunywa sana, anaharisha, maranda yanalowa, tumbo linajaa maji. Siku kumi za mwanzo wape ya mfereji au ya mvua. Kinyweshi kimoja cha lita 4 kwa vifaranga 50.
Wakifika, maji yenye glukosi kwanza, chakula baada ya saa mbili tatu, kimwagwe juu ya karatasi wakione. Jioni papasa gole, kile kifuko cha shingoni. Limejaa na laini, amekula na kunywa. Gumu, amekosa maji. Tupu, mchovye mdomo majini mwenyewe. Wa nyama 100 wiki hiyo wanamaliza kilo 15 hivi za chakula, kwa hiyo usifungue magunia matatu yakachacha.

Dada wa Utange
Na chanjo ya kideri (Newcastle) mara nyingi inaangukia siku ya 7, ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi, siku ya 14. Fuateni karatasi ya mliponunua. Hii ni virusi hai: klorini ya mfereji inaiua. Yaache maji usiku kucha kwenye ndoo wazi klorini itoke, kisha koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ndipo uweke chanjo. Wanyime maji saa moja kabla, siku ya joto usizidishe. Yaishe ndani ya saa mbili. Na ukivuka na feri, chanjo iwe kwenye chupa ya barafu, si mfuko wa shati. Foleni ya Likoni inaweza kuimaliza kabla hujafika ng'ambo.

Mama Mshomoroni
Pilipili na shubiri je, kwa kideri?

Changamwe Broila
Hazitibu kideri, mama. Hakuna kinachokitibu kikishaingia.

Mama Mshomoroni
Zangu huwa zinapona.

Changamwe Broila
Basi hakikuwa kideri.

Kijana wa Mtopanga
Wangu wa wiki tatu wanatoa kinyesi chenye damu. Nimewapa amproliamu, dawa ya kuharisha damu, pamoja na vitamini waongeze nguvu.

Dada wa Utange
Toa hizo vitamini leo. Amproliamu inaua kijidudu kinacholeta hiyo damu kwa kukinyima vitamini B1, na wewe unairudisha kwa mkono wa pili. Maliza dawa siku zilizoandikwa, kisha ndiyo vitamini. Na maranda yaliyolowa yote nje, hasa chini ya vinyweshi.

Banda la Bombolulu
Wiki ya TATU, yakhe. Fungua uzi wako.