Saa mbili za kunyonyesha: wenzake wazibe pengo bure, au mwajiri alipe?

Mleta mada, Arusha
Wadau, habari za jioni. Nalileta hili kwa sababu linawagawa kina mama wengi wa hotelini, mashambani na maofisini hapa Arusha na Moshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Akirudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sasa nani anasimama mahali pake kwa saa hizo mbili? Sehemu nyingi ni mwanamke mwenzake, bila senti ya ziada, na akikataa anaambiwa hana utu. Msimamo wangu ni kwamba huo si umoja wa wanawake. Hapo mwajiri anaokoa mshahara kwa jasho la kina dada. Anayepinga aje.

Msimamizi wa mapokezi hotelini, Arusha mjini
Napinga. Ukisubiri mwajiri aandike sera, mtoto atakuwa ameota meno. Mama karudi leo, maziwa yanamjaa leo, na aliye karibu naye ni mwenzake wa kaunta. Kinachoharibu ni kusaidiana kwa mdomo tu.

Angalieni droo ya fedha. Mama anatoka saa 4 asubuhi, mwenzake anakaa bila kuhesabu. Jioni ikipungua elfu 40, hakuna ajuaye ilipotelea mikononi mwa nani, na urafiki unaishia hapo. Kila makabidhiano hesabuni shilingi, hesabuni fedha za kigeni kando, toeni ripoti ya mashine ya kadi, andikeni saa, sainini wote wawili. Hizo ni dakika kumi. Mama akitoka mara mbili kwa siku, makabidhiano ni manne, dakika 40 zimekwisha.

Kwa hiyo kwenye kaunta saa mbili zinafaa zikae pamoja mwisho wa zamu. Zamu ya saa 1 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 7 na nusu za kazi. Kwa siku sita unapata saa 45, kiwango cha juu cha kawaida cha wiki. Mama akitoka saa 7 na nusu mchana, makabidhiano ni moja tu. Na tukumbuke umbali: anayekaa Ngaramtoni na kufanya kazi Njiro hawezi kwenda nyumbani na kurudi ndani ya saa moja, daladala za mchana hazimruhusu.

Mwakilishi wa wafanyakazi shambani, Usa River
Dada wa mapokezi, utaratibu wako ni mzuri, lakini bado hujasema nani analipa. Tupige hesabu. Saa 2 kwa siku 6 ni saa 12 kwa wiki. Idara ya watu 12 ikiwa na wanaonyonyesha watatu, pengo ni saa 36, na wiki kamili ya mtu mmoja ni saa 45. Linakaribia ajira kamili ya mtu mmoja. Ukilimwaga juu ya wale tisa waliobaki, kila mmoja anabeba kazi ya saa 4 zaidi kila wiki. Huo mzigo tusiuite upendo.

Halafu kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni kuziba pengo ndani ya saa zako mwenyewe. Kazi inakuwa nzito, muda ni uleule, na hapo dai lako ni kupunguziwa malengo: kama mstari wa kupanga maua una watu wanane na mmoja katoka, idadi ya mashada inayodaiwa ishuke kwa saa hizo. La pili ni kubaki baada ya zamu yako. Hizo ni saa za ziada, zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Ukizifanya bure kwa sababu "tunasaidiana", umemzawadia mwajiri, na mama aliyekwenda kunyonyesha hajapata hata tone la hizo fedha.

Mhasibu, Arusha mjini
Kwa nini tusichange? Kila mwanamke 5,000 kwa wiki, tunamlipa kibarua wa kushika hizo saa. Michezo ya fedha tunaiweza, vikoba tunaviweza, hili litatushinda vipi?

Mwakilishi wa wafanyakazi, Usa River
Mama, nakuheshimu, lakini hapo nakataa kabisa. Saa hizo mbili ni saa za kazi, zimo ndani ya mshahara wa mama, na shughuli inayobaki ni ya mwajiri. Mkichanga mnalipa gharama yake kutoka mifukoni mwenu, na mwaka ujao itakuwa desturi. Changeni kwa ajili ya nguo za mtoto, changeni mama akilazwa. Kibarua wa idara asitoke kwenye kikoba.

Afisa utumishi, Moshi
Niseme upande ambao hausemwi. Nyumba ya wageni yenye wafanyakazi sita haina uwezo wa kuajiri mtu wa saba kwa saa 12. Ikibanwa sana itaacha kimyakimya kuajiri mabinti. Najua sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ila kuuthibitisha kwenye usaili ni kazi ngumu.

Naona dawa iko kwenye taarifa. Mama anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Wengi wanaificha wakiogopa maneno. Wenzake wakimsindikiza siku ya kuipeleka, mwajiri anapata karibu miezi mitano ya kupanga, hata likizo ikianza mapema. Muda huo unatosha kumfundisha mtu wa muda na kumpangia saa za mchana tu.

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, Moshi
Mnahesabu saa, naomba mhesabu na maziwa. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Anayeianza hapo na kujifungua kwa tarehe anabaki na siku 56 baada ya kujifungua, yaani anarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Ushauri wa kiafya ni maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Hiyo miezi minne ya katikati ndiyo inayobeba mjadala wote huu.

Mwili hausubiri mwisho wa zamu. Bila kunyonyesha wala kukamua kwa saa nne au tano, matiti yanajaa na kuwa magumu, mirija inaziba, na ikiachwa inaleta uvimbe wenye homa. Kisha maziwa yanapungua, kwa sababu mwili unatengeneza kadiri yanavyotolewa. Kwa hiyo hata anayetoka mapema akamue mara moja katikati ya asubuhi na mara moja wakati wa chakula. Anahitaji dakika 20 hivi, chumba chenye komeo (chooni hapana), maji na sabuni, chombo chenye kifuniko kilichooshwa kwa maji ya moto, na karatasi ya kuandika saa.

Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa yanakaa kwa muda usiozidi saa nne. Moshi ya Januari na Februari inapita nyuzi 30 mchana, msitegemee meza. Kiboksi chenye vipande vya barafu kinayatunza hadi saa 24, friji hadi siku nne, yakikaa ndani kabisa na si mlangoni. Kupasha, tumbukizeni chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Maikrowevu inaacha sehemu zinazounguza. Na mtoto akibakiza, mabaki yasizidi saa mbili.

Hapa ndipo mwenzako anaweza kukusaidia bila kumwonea mtu: anashika ufunguo, analinda mlango, anapokea simu yako kwa dakika 20.

Mfanyakazi wa vyumba hotelini, Njiro
Mimi nauliza kwa niaba ya wasio na watoto. Sheria inamkinga mama na zamu ya usiku kwa miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio na miezi miwili baada ya kujifungua, zaidi ya hapo mpaka cheti cha daktari. Anayerudi na mtoto wa wiki kumi kinga hiyo imekwisha, ila bado anaachiwa alale nyumbani. Usiku wake wanatupiwa kina nani? Sisi. Sikukuu ni sisi, Krismasi ni sisi.

Msimamizi wa mapokezi, Arusha mjini
Mdogo wangu, hilo ni kweli na lina uzito. Usiku haubebwi bure, unabadilishwa: usiku mmoja kwa mchana mmoja wa sikukuu, na deni liandikwe kwenye rosta (ratiba ya zamu) yenyewe, si kwenye simu. Pia kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya angalau asilimia 5 ya kiwango cha msingi cha saa, kwa kila saa ya usiku. Badilisheni kabla rosta haijasainiwa, la sivyo nyongeza itaingia kwa mama aliyelala nyumbani, na wewe uliyekesha utabaki kugombana na mhasibu.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Usa River
Nakubali hilo la usiku. Kwa mashambani kuna jambo lingine: sheria inakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Mama asiingie kwenye banda lililopigwa dawa. Mkibadilishana, mama anayetoka banda lolote avue ovaroli na anawe mikono hadi viwiko kabla ya kumshika mtoto anayeletwa getini, na muda wa kunawa usikatwe kwenye saa zake mbili. Sheria haikutaja umri wa mtoto unaomaliza haki hii ya kunyonyesha, kwa hiyo ingizeni umri huo kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mkiuacha wazi, kila msimamizi atajitungia wake.

Mleta mada, Arusha
Nimesogea kidogo: kubadilishana usiku na kulinda mlango nakubali. Saa za ziada bure bado nakataa. Je, kibarua mwenye miezi minne kazini ana haki ya likizo hiyo?

Afisa utumishi, Moshi
Aliye chini ya miezi sita hajafikia haki za likizo. Ila wa msimu anazo, na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri huyohuyo ndani ya mwaka, vipindi vyake vinajumlishwa. Kwa hiyo atunze barua na hati za malipo za kila msimu. Na aliyekwisha kudhulumiwa saa za ziada asikae: mgogoro usio wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, kwa fomu namba 1 ya CMA, akiambatanisha nakala za rosta zilizosainiwa.

Mfanyakazi wa vyumba, Njiro
Rosta zetu zinafutwa kila Jumatatu ubaoni.

Afisa utumishi, Moshi
Basi ipigeni picha kila Jumapili jioni, tarehe ionekane.