Naomba ushauri: Disneyland Paris na watoto wa miaka 8, 4 na 2, inafaa?

Habari zenu ndugu zangu. Tunaishi Ujerumani, na Agosti mama mkwe anakuja kutoka Tanga. Mume wangu anataka tumpeleke yeye na watoto Disneyland Paris. Mimi roho inasita.

Kinachonitia wasiwasi ni huyu wa katikati. Ana sentimita 98, na ile treni ya mlimani, Big Thunder Mountain, inataka mtoto afike 102. Kaka yake ana 128, anaruhusiwa karibu kila kitu. Namjua mwanangu, akimwona kaka yake anapanda yeye akabaki nje, atalia mpaka jioni. Mdogo hana shida, chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi, na ile mashua ya wanasesere haina sharti la kimo.

Halafu mama. Magoti yake hayapendi kusimama, na Agosti shule zimefungwa, foleni ni ndefu kwelikweli. Kufika si tatizo, treni ya RER A kutoka Paris inaishia pale pale mlangoni.

Kwa mliokwenda na watoto wadogo: siku moja inatosha, au ni kuwachosha bure? Mlipishana vipi wazazi, mmoja akipanda na mkubwa? Chakula mlibeba? Au tusubiri miaka miwili, huyu wa katikati arefuke kwanza? Tiketi bado hatujakata, na bei hubadilika kwa tarehe, kwa hiyo nitashukuru mkinijibu mapema.