Aliyeandika "KUKU" kwa kalamu nyekundu juu ya grifini wa watu, ajitokeze hapa

Manyoya Mabichi:
Wakuu, leo povu ruksa. Wote mnamjua, simtaji. Yule yule wa "grifini ni mnyama wa hadithi wa aina moja tu: tai mbele, simba nyuma, mabawa mawili, mengine takataka." Leo kachukua mchoro wa dada wa watu, grifini asiye na mabawa, kishungi cha tausi kichwani, kaupiga msalaba mwekundu na kuandika juu yake KUKU. Kwa herufi kubwa. Kuku!

Huyo "kuku" yupo ukutani Knossos, kisiwa cha Krete, chumba cha kiti cha enzi, tangu yapata miaka 3,400 iliyopita. Hana bawa, ana kishungi, kalala kwa adabu kando ya kiti. Wachora nembo za koo huko Uingereza nao walikuwa na grifini dume asiye na mabawa, miiba inamtoka mwilini. Nao walifuga kuku? Nenda kasri la Dario wa Kwanza, mfalme wa Uajemi ya kale, kule Susa: matofali ya kung'aa, grifini kichwa cha simba, pembe za kondoo dume, na miguu ya NYUMA ndiyo ya tai. Kila kitu kimegeuzwa, na hakuna Mwajemi aliyeandika kuku.

Kichekesho ni kwamba grifini wake yeye hana masikio! Masufuria ya shaba nyeusi ya Wagiriki, karne ya 7 K.K., yana vichwa vya grifini vyenye masikio marefu yamesimama wima. Kwenye nembo, ukichora kichwa peke yake, masikio ndiyo yanayomtenga na tai. Kwa hiyo yeye kachora tai, halafu anaita wenzake kuku. KUKU, jamani.

Kidari Kipana:
Mkuu, kunywa maji. Ila ule mchoro nao ulikuwa na kasoro: kucha za mbele zimechomekwa ardhini. Kucha za tai hazirudi ndani kama za simba. Akitembea ananyanyua ncha, uzito unabaki kwenye nyama ya vidole, vitatu mbele kimoja nyuma. Zikigusa chini kila hatua zinakuwa butu, atawinda na nini?

Na nyie wa mabawa, acheni kuyabandika katikati ya mgongo. Bawa ni mkono, linataka bega lake: liweke juu ya bega la mguu wa mbele, nyuma kidogo. Kisha ongeza kina cha kidari, maana msuli wa kupigia bawa unakaa kifuani. Manyoya ya ndege yafupike kuanzia mbavuni, yapotelee kwenye yale ya simba kabla ya nyonga. Ukikata kwa mstari, kavaa fulana.

Hesabu Kali:
Mnagombania mabawa yasiyonyanyua kitu. Tumbusi wa Rüppell, huyu wa Serengeti, ana kilo 8 hivi na mabawa ya mita 2.4 ncha hadi ncha. Simba dume kilo 190. Ukitaka kila kilo ipate eneo lile lile la bawa, unahitaji karibu mita 12. Wa Knossos ndiye pekee aliyepiga hesabu akaamua kutembea.

Manyoya Mabichi:
Mnatoka nje ya mada. Aliandika KUKU.

Chumvi Nyingi:
"Dada wa watu" 😂 Sema tu mchoro ni wako.

Mtaa wa Pili:
Hiyo Knossos unayotamba nayo, mafundi wa Arthur Evans, yule aliyeifukua, waliijaza rangi karne ya 20. Unatetea kuku wa ukarabati.

Manyoya Mabichi:
Walijaza mapengo, hawakufuta bawa! Acha kukurupuka!

Mkia Mrefu:
Afadhali nyie. Kuna yule mwingine, mnamjua pia, eti joka la miguu miwili si joka. Huo ni utaratibu wa nembo za Uingereza. Wachoraji wa zama za kati walichora miwili, minne, hata bila mguu, na maisha yakaendelea.

Kidari Kipana:
Huyo simuwezi. Miwili ndiyo inayokaa vizuri kimwili, bawa limechukua nafasi ya mguu wa mbele kama popo. Ya minne ndiyo inahitaji mabega ya ziada.

Mtaa wa Pili:
Sasa farasi mwenye mabawa naye mtamwambiaje?

Chumvi Nyingi:
Mwandikie KUKU.

Mkia Mrefu:
Jamani joka kwanza. Fungueni uzi wake.