Orodha ya PC ya kazi nzito (3D, video na gemu): nikosoeni kabla sijanunua

rejeta_baridi:
Wakuu, salaam. Naunda kompyuta ya mezani ya kurenda (kutoa picha za mwisho za 3D) kwa programu ya Blender, kuhariri video za 4K na kucheza gemu. Vitu nilivyochagua ni hivi:

Prosesa: Ryzen 9 9950X3D
Mazabodi (bodi kuu): ya X870E
RAM: DDR5-6000, vipande 4 vya GB 48 (jumla GB 192)
Kadi ya michoro: RTX 5090
Diski: NVMe (diski za kasi) 3 za TB 2, zote PCIe 5.0 (kizazi cha njia za data)
Pawa saplai: 1000W, ninayo tayari, ni ya kabla ya ATX 3.0 (kiwango kipya cha pawa saplai)
Kupoza: maji, rejeta ya mm 360 mbele ya kesi

Kuna kitu hapo kitagombana na kingine?

pini_ya_tano:
Vitu vyenyewe ni vizuri, tatizo ni namna ulivyovipanga. Anza na RAM, maana ndiyo itakayokusumbua mapema. Prosesa hiyo ina chaneli mbili za memori. Ukiweka vipande viwili, AMD wanakuhakikishia DDR5-5600, na 6000 kwa EXPO (mpangilio wa kasi uliowekwa tayari kwenye RAM) hupatikana bila shida. Ukijaza nafasi zote nne kwa vipande vya GB 48, kasi rasmi inashuka hadi 3600. Ukiilazimisha 6000, huenda isiwake, au iwake halafu ianguke katikati ya kurenda, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu utahangaika kutafuta kosa kwenye programu.

Nunua pakiti moja ya 2 x GB 48, 6000 CL30 (CL ni ucheleweshaji wa memori). GB 96 zinatosha mandhari nyingi za Blender. Kama kweli hazikutoshi, kuna pakiti za 2 x GB 64. Usinunue pakiti mbili za vipande viwili ukaziunganisha, hata kama namba ya modeli ni ileile; zilipimwa kila moja peke yake. Na uvichomeke kwenye A2 na B2, yaani nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Halafu mara ya kwanza kuwasha, skrini itabaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Ni memori inajipima. Usizime.

volti_kumi_na_mbili:
Naongezea upande wa umeme. RTX 5090 peke yake ni 575W, prosesa ikibanwa inafika karibu 200W, na feni, pampu na diski weka kama 100W. Hiyo ni 875W, na bado kadi hupandisha matumizi ghafla kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Nvidia wanataja 1000W kama kiwango cha chini, lakini yako ni ya zamani na haina tundu la 12V-2x6 (plagi ya umeme ya kadi hizi), kwa hiyo utaishia kwenye ile adapta ya plagi nne. Chukua 1200W ya ATX 3.1 yenye kebo yake halisi ya 600W.

Kuhusu plagi hiyo: 575W kwenye volti 12 ni karibu ampea 48, zinagawanywa kwa pini sita, kila moja ampea 8. Kikomo cha pini kipo juu kidogo tu ya ampea 9, kwa hiyo hakuna nafasi ya uzembe. Plagi ikibaki nje hata milimita moja, pini mbili tatu zinabeba mzigo wa wenzao na plastiki inayeyuka. Sukuma mpaka usione pengo ukimulika tochi kwa pembeni, na usiikunje kebo ndani ya mm 35 za kwanza. Kwa hiyo pima upana wa kesi kabla ya kununua: kioo kikiigandamiza kebo, umejiwekea moto.

Kebo za pawa saplai ya zamani usizitumie kwenye mpya, hata kama ni kampuni ileile. Upande wa kadi zinafanana, upande wa pawa saplai mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti kabisa.

rejeta_baridi:
Asanteni sana wakuu. RAM na pawa saplai nabadilisha. Vipi diski na rejeta?

pini_ya_tano:
Diski tatu za 5.0 ni kupoteza. Prosesa inakupa njia 24 za PCIe: 16 za kadi, 8 zinabaki. Kwenye X870E nyingi, USB4 inachukua 4 kati ya hizo 8. Diski ya kwanza inapata 4 zilizobaki. Ya pili ya 5.0, kwenye mazabodi nyingi, inaipokonya kadi njia zake na kuishusha kutoka x16 (njia 16) hadi x8. Fungua kitabu cha mazabodi, jedwali la M.2 (nafasi za diski hizi), usome maandishi madogo ya chini.

Weka moja ya 5.0 kwa mradi unaoendelea, mbili za 4.0 zenye DRAM (memori yao ya ndani) zipitie chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine na prosesa).

volti_kumi_na_mbili:
Sawa, ila x8 ya 5.0 ina upana uleule wa x16 ya 4.0. Kwenye gemu tofauti ni ndogo mno, asipoteze usingizi.

Rejeta ipeleke juu. Mbele, rejeta ya mm 27 na feni za mm 25 zinakula mm 52 za urefu wa kadi. Kesi inayodai mm 400 inabaki na 348, na baadhi ya kadi za 5090 zinavuka 350. Ukiiweka juu pia hewa inapanda mbali na pampu, hutasikia mlio wa mapovu.

Mwisho, kama gemu ni za nadra, chukua 9950X ya kawaida. Kurenda hakufaidiki na kache (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya ziada ya X3D, ambayo ipo kwenye kori 8 tu kati ya 16. Ukibaki na X3D, sakinisha draiva ya chipseti ya AMD kabla ya gemu lolote, la sivyo Windows inaweza kuipeleka gemu kwenye kori zisizo na kache hiyo.